Nyumba Juu ya Chesisi

Mwaka 1938 Attilio Gatti, Mwitaliano aliyekuwa amejipatia jina Marekani kwa vitabu na picha za misafara yake barani Afrika, alianza msafara wake wa kumi kuelekea Kongo ya Wabelgiji. Safari hii hakutaka hema. Kwa udhamini wa kampuni ya malori ya International Harvester ya Chicago, alitengenezewa matela mawili ya kuishi, kila moja likivutwa na kichwa cha lori aina ya D-35. Mchoro wake ulikuwa wa Alexis de Sakhnoffsky, mzaliwa wa Kiev aliyekimbilia ughaibuni na kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa bodi za magari wa zama zake. Matela hayo yaliitwa Jungle Yachts, na kweli yalifanana na mashua za matajiri zilizopotea njia zikaingia msituni: marefu, ya mviringo mbele, yaking'aa.

Ndani mlikuwa na vyumba vya kulala, jiko, bafu, baa ya vinywaji na mashine ya kupoza hewa. Jenereta ilitoa umeme, simu iliunganisha tela moja na jingine, na ilitangazwa kwamba bodi la nje lingeweza kutiwa umeme ili wanyama wakali wasisogee usiku. Gatti alisafiri na mkewe Ellen, Mmarekani, ambaye baadaye aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya maisha hayo. Magazeti ya Marekani yalizipenda sana picha zile. Hapa, wasomaji waliambiwa, pana binadamu aliyebeba nyumba yake yote mgongoni na hamhitaji mtu.

Hapo ndipo mimi hushindwa kuafiki. Tela la urefu ule halipiti porini. Linahitaji barabara iliyonyooshwa, kona zilizopanuliwa, na madaraja yanayohimili tani kadhaa. Barabara hizo zilikuwepo Kongo mwaka 1938 kwa sababu utawala wa Kibelgiji ulikuwa umevitumikisha vijiji kuzilima kwa kazi ya lazima: kila kijiji kilipewa kipande chake cha kufyeka, kujaza mashimo na kuchimba mifereji, na asiyefanya aliadhibiwa. Bafu la Gatti lilijaa maji yaliyotoka mtoni, na maji ya mtoni hayapandi yenyewe. Historia ya nyumba ya lori inayojitosheleza inaanza, basi, na nyumba isiyojitosheleza hata kidogo. Kilichobadilika katika miaka themanini na zaidi iliyofuata ndicho ninachotaka kukisimulia.

Kuna waliomtangulia Gatti. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walishuka meli Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakafunga maksai kwenye magari yao ya turubai wakapanda kuelekea Uasin Gishu. Matope ya njia ile yaliwatesa kwa majuma mengi, na familia zililala, zikapika na kuuguza wagonjwa humo humo garini. Gari lile la mbao lilikuwa na sifa moja ambayo wajenzi wa malori walikuja kuihangaikia baadaye: lilipinda. Ubao uliungana na ubao kwa pini na kamba, gurudumu likiingia shimoni gari lote lilijikunja kidogo, halafu likajinyoosha.

Kisha ikaja injini. Oktoba 28, 1924, magari manane ya Citroën yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Mbele yalikuwa na magurudumu, nyuma mikanda ya mpira iliyobuniwa na Adolphe Kégresse. Yalivuka Sahara, Niger, Chad na Kongo, na yalipofika Kampala msafara ukagawanyika makundi manne: moja likaelekea Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Msumbiji, na moja Cape Town. Haardt na wenzake walimalizia Antananarivo, Madagaska, Juni 26, 1925. Mwezi mmoja tu kabla ya Wafaransa kuondoka, mnamo Septemba 1924, Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella walitoka Cape Town na malori mawili mepesi aina ya Crossley, nia yao kufika Cairo. Walifika Januari 1926, baada ya miezi kumi na sita. Mvua za Rhodesia ziliwakwamisha kwa miezi, na mahali pengi malori yale yalisogezwa na mikono ya watu na shingo za ng'ombe kuliko injini zake. Aliyewapikia na kuwatafsiria njiani, Julius Mapata, alijua zaidi yao namna ya kuomba msaada kwenye kijiji kisichowajua.

Magari hayo yote ya mwaka 1924 yalibeba mizigo. Watu walilala nje, kwenye mahema. Gatti aliingiza kitanda ndani. Hilo ni lake, na haki yake apewe. Alipokuja tena baada ya vita, 1947, safari hii akidhaminiwa na kampuni ya redio ya Hallicrafters, alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu lina maana kuliko baa na bafu. Tela moja lilifanywa chumba cha redio, na vijana wawili mafundi wa mawimbi waliwasiliana na dunia nzima wakiwa Kenya, Tanganyika na Uganda, kwa alama za wito zinazoanza na VQ4, VQ3 na VQ5, huku msafara ukilenga Ruwenzori. Nyumba ya porini ilikuwa sasa inaweza kuongea.

Lakini chombo chenyewe kilichokuja kutawala maisha hayo hakikuzaliwa kwa ajili ya safari. Kilizaliwa kwa ajili ya viazi. Vita vilipokwisha, 1945 na 1946, mhandisi wa Kijerumani Albert Friedrich alichora gari la shambani ambalo lingeweza kulima, kuvuta na pia kwenda sokoni. Upana kati ya magurudumu aliuweka milimita 1,270, yaani mistari miwili ya viazi. Ekseli zake hazikupita katikati ya magurudumu. Ziliinuliwa juu, na gia ndogo kwenye kila gurudumu zikashusha nguvu hadi chini, hivyo tumbo la gari likawa mbali na mawe. Ndiyo Unimog. Daimler-Benz iliichukua na tangu 1951 ikaitengenezea Gaggenau. Mwaka 1955 likatoka toleo la jeshi, namba 404, na zaidi ya magari 60,000 ya aina hiyo yalijengwa. Mengi yalibeba mgongoni boksi la redio au la kubebea majeruhi.

Boksi lile ndilo lililowafungua watu macho. Jeshi lilipoanza kuyauza yaliyochakaa kwa mnada, kijana asiye na fedha alipata kwa bei ya chini chumba chenye kuta, paa, mlango na madirisha, kilichokwisha kufungwa juu ya gari linalopanda mahali ambapo Land Rover inasita. Akatoa rafu za redio, akaweka godoro na jiko la gesi. Tatizo lilikuwa petroli: 404 ilikunywa lita 20 na zaidi kwa kilomita 100, na katikati ya Sahara petroli ni adimu kuliko dizeli.

Waingereza walikuwa na njia yao. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni za safari za London, Encounter Overland ikiwemo, zilinunua malori ya Bedford yaliyotoka jeshini, zikafunga viti na turubai nyuma, na kuwapeleka vijana Kathmandu au Nairobi. Njia ya Nairobi ilipita Tamanrasset na Agadez, ikashuka hadi Bangui, ikavuka kwa kivuko kuingia Zaire, kisha Kisangani, Epulu, Komanda, Beni. Ni msitu ule ule wa Ituri ambamo Gatti alizunguka, lakini barabara za kulazimishwa zilikuwa zimerudi kuwa matope. Mashimo yalikuwa na kina cha kumeza lori zima hadi paa. Kuna misimu ambapo foleni ya malori ya wafanyabiashara wa Kikongo ilikaa siku kadhaa ikisubiri moja lililozama mbele litolewe kwa koleo, magogo na nyimbo. Bedford za wageni zilisimama kwenye foleni hiyo hiyo. Shule ya kujitosheleza ilikuwa pale: kila gari lilibeba mabati ya kukwamulia, springi za akiba, maji ya siku nyingi na unga, na kila abiria alijifunza kushika koleo. Waliowafundisha ni madereva wa Kikongo na mautingo wao, watu ambao kitanda chao kilikuwa turubai chini ya chesisi.

Nasema hivi kwa sababu vitabu vya wasafiri huwasahau. Dereva wa lori la ng'ombe kati ya Moyale na Isiolo, kabla lami haijakamilika katika miaka ya 2010, aliishi ndani ya gari lake kwa maana kamili ya neno. Alikuwa na jiko la mkaa, madumu ya maji, nyuzi za kushonea tairi, na utingo aliyeweza kubadilisha springi usiku kwa tochi mdomoni. Sola hakuwa nayo. Vingine vyote alikuwa navyo.

Turudi Ujerumani, maana huko ndiko gari lililofaa lilipopatikana hatimaye. Lilikuwa lori la Mercedes lenye pua fupi, LA 911, lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne. Injini yake, OM 352, ina silinda sita na lita 5.7, inakunywa dizeli, na haina waya wa kompyuta hata mmoja. Ndugu zake wa aina hiyo hiyo, 1113 na wengine, walikuwa wamejaa Afrika nzima, kwa hiyo kifaa cha akiba kilipatikana Kano, Khartoum au Mwanza. Ile ya magurudumu manne ilitumiwa zaidi na zimamoto, walinzi wa mipaka na vikosi vya uokoaji. Lori la zimamoto la kijiji cha Kijerumani lilitunzwa kwenye gereji yenye paa, likatoka mara chache kwa mwaka, likapakwa grisi kila mara. Baada ya miaka ishirini na tano linauzwa likiwa limetembea kilomita chache kuliko daladala ya miezi sita.

Sheria nayo ilisaidia. Leseni ya zamani ya gari dogo ya Kijerumani, daraja la 3, iliruhusu kuendesha hadi tani 7.5, na kwa hiyo mwalimu au muuguzi aliweza kupanda 911 bila mtihani mpya. Wale waliopata leseni tangu 1999 wameishia tani 3.5. Kisha Ukuta wa Berlin ukaanguka. Majeshi ya pande zote mbili yakapunguzwa, na malori ambayo yangekaa maghalani yakamwagika sokoni: IFA W50 za Ujerumani Mashariki, zile zile zilizopelekwa Msumbiji, Angola na Ethiopia, na upande wa magharibi MAN KAT1, mnyama aliyeingia jeshini 1976 akiwa na injini ya Deutz inayopozwa kwa upepo, isiyo na rejeta ya kupasuka.

Sasa nitasimama kidogo kwenye chuma, maana hapa ndipo nyumba nyingi za lori hufa. Chesisi ya lori ni reli mbili ndefu zilizofungwa kwa vipande vya kukingama. Imetengenezwa ipinde. Gurudumu la mbele kushoto likipanda jiwe wakati la nyuma kushoto limeingia shimoni, reli hizo zinajisokota, na ndiyo inayofanya magurudumu yote yabaki ardhini. Sasa chukua boksi gumu la mita nne au tano, lenye madirisha, makabati na vigae vya bafuni, ulifunge kwa bolti kwenye reli zote mbili kutoka mbele hadi nyuma. Kitu kimoja kinataka kupinda, kingine hakitaki. Dalili ya kwanza ni mlango kukataa kufunga. Ya pili ni ufa kwenye kona ya dirisha. Ya tatu ni chesisi yenyewe kukatika nyuma ya kabini, na hiyo hutokea mbali na mji.

Mafundi walijibu kwa fremu ya pili iliyokaa juu ya ile ya kwanza. Wengine huishikiza kwa pointi tatu, mbili zikiwa zimekaza na ya tatu ikizunguka kwenye pini. Wengine kwa pointi nne zilizopangwa umbo la almasi, zote zikizunguka. Njia rahisi zaidi ni bolti zilizokaza upande mmoja, na upande mwingine bolti zenye springi, ili reli ikisokotwa fremu mbili ziachane kwa sentimita kadhaa, kisha zikutane tena kwa mlio mdogo wa chuma. KAT1 haina taabu hiyo: chesisi yake ni ngumu, isiyosokoteka, na kazi yote ya kupinda imeachiwa springi za koili. Makaburu wa 1908 wangelielewa suala hili mara moja.

Baada ya chuma, maji. Watu wawili wanaojibana hutumia lita 20 kwa siku, kunywa, kupika na kuoga kwa ndoo ndogo. Tangi la lita 400 linakaa ndani ya kuta, karibu na ekseli ya nyuma, likiwapa siku ishirini. Lakini uzito wake ni kilo 400, na kila kilo inayoongezwa inakumbukwa na springi. Kuta zenyewe ni paneli za faiba mbili zenye povu gumu katikati, unene wa sentimita 5 hadi 6, zisizopitisha joto la Turkana wala baridi ya Atlas. Tangi la dizeli la lita 400 linaifikisha 911 kilomita 2,000 hivi.

Umeme ndio uliobadilisha maisha kabisa. Gatti hakuwa na namna isipokuwa jenereta, na jenereta inataka mafuta, inapiga kelele na inaharibika. Sola ya silikoni ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maabara za Bell, Marekani, Aprili 1954, na ilichukua miongo mingi kushuka bei. Leo paneli za wati 400 juu ya paa, kwenye jua la ikweta, hutoa karibu uniti mbili kwa siku. Zinatosha friji, taa, pampu ya maji na kompyuta. Betri za risasi hazipendi kutumiwa zaidi ya nusu. Hizi mpya za lithiamu na fosfeti ya chuma unazitumia karibu hadi mwisho, na ni nyepesi. Choo nacho kimekuwa kikavu, chenye kutenganisha mkojo, na maji hayapotei huko tena. Watu wawili leo wanaweza kukaa karibu majuma matatu kandokando ya Ziwa Turkana bila kuomba kitu. Ahadi iliyotolewa magazetini mwaka 1938 imetimia, na imetimizwa na lori kuukuu la zimamoto lisilo na baa.

Njia zenyewe, wakati huo huo, zilikuwa zikifungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vita vya Algeria na maasi ya Watuareg vilikata Sahara ya kati. Vita vya Zaire vya 1996 na 1997 vikaifunga Ituri. Safari za kutoka London zikawa zinaanzia Nairobi kwenda Cape Town. Wenye nyumba za lori walitafuta njia nyingine, kupitia Sudan na Ethiopia au kandokando ya Atlantiki, na Afrika Mashariki ikawa kituo cha kupumzika, kubadilisha tairi na kusubiri mvua ipite. Ndiyo maana maboksi yale yenye namba za Ujerumani, Uswisi na Uholanzi huonekana kwenye kambi za Nairobi na Arusha.

Kuna mgogoro mpya, na wengi hawautarajii. Lori jipya la Ulaya ni safi na lenye nguvu, lakini mfumo wake wa moshi unataka dizeli yenye salfa ndogo mno, isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha kiwango hadi 50 mwaka 2015, hatua kubwa, ila haikutosha kwa injini hizo, na ukivuka mipaka mingine hali ni mbaya zaidi. Kihisi kimoja kikikosea, kompyuta inapunguza nguvu, na lori la thamani ya nyumba tatu za Mbezi linatambaa kwa gia ya pili hadi mahali penye mashine ya kulisoma. Pale pale 911 ya mwaka 1975 inapita, ikitoa moshi mweusi. Sisifu moshi. Nasema tu kwamba kifaa ambacho fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, hawezi kukifungua hakijitoshelezi, hata kiwe na sola kiasi gani.

Hapa kwetu malighafi ipo. Isuzu na Fuso za magurudumu manne zilizotumika huletwa kutoka Japani, mafundi wanaojenga bodi za malori wapo kila mji, na paneli za vyumba vya baridi zinazotumika kusafirisha samaki na maua ni zile zile zinazofaa kwa kuta. Kwa hiyo msomaji uliyeanza kupiga hesabu, usianze na godoro wala friji. Mwambie fundi alipandishe gurudumu moja la mbele juu ya jeki hadi liache ardhi, lala chini ya gari, na upime kwa tepu reli zimesokotwa kiasi gani. Andika kipimo hicho, kisha ndipo mkae kuchora fremu ya pili.